Sarafu ya Siku ya Nne

Soweto West, Kibera
3 Machi 2024

Anti Kaveke,

Ni mimi Syokau. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na Anko Geoffrey, na cherehani yako isiwe imeanza tena kukata nyuzi. Sisi huku tupo. Mutinda amepata kibarua cha kubeba mawe kwenye jengo moja Ngong Road. Jioni anarudi mweupe kwa simenti, anasimama mlangoni na kuniambia, "Niaje sista, umenijua ama nijitambulishe?" Mimi bado nafundisha ile shule ya mabati. Kitanda cha mama yako, Susu wetu, hakijalaliwa tangu Januari. Mutinda hulala chini kando yake.

Siku tuliyomzika kule Masii uliniambia nikitaka kitu kwako niandike, maana kwenye simu nakushinda kwa maneno. Nilidhani ni hasira tu, lakini kila nikipiga unakata. Basi naandika. Urbanus wa kwaya ndiye atakayekuletea, kwa kuwa hupitisha mkokoteni wake wa mbao hapo Kawangware 56. Ameniuliza, "Kwa hivyo sasa mimi ni posta? Posta huvaa viatu vizuri, dada."

Tuliyosemezana kaburini sitayagusa leo.

Anti, nina mimba. Mtoto anatarajiwa katikati ya Mei. Nakuomba kitu kimoja: sarafu moja kutoka ule mkebe wa Susu uliouchukua. Sitaki yako wala ya mwingine mwenye sarafu yake. Nataka moja ya zile ambazo bado zinangoja mtu. Habari yake unaijua kunishinda. Babu yake Susu alikuwa mhunzi, na zamani mtoto alivikwa kipande cha chuma shingoni siku ya nne. Mzee yule akaanza kutoboa rupia na shilingi za simba kwa ajili ya wasichana wa nyumba yake. Siku ya nne mtoto anavikwa, anatajwa jina, anakuwa mtu. Kabla ya hapo ni mgeni, na wale waliomtuma wanaweza kumwita arudi.

Naweza kuieleza desturi hii darasani kama jambo la watu wa kale, na nikaieleza vizuri. Lakini tangu mtoto aanze kucheza tumboni nakaa nikifikiri kwamba hana sarafu, na yale niliyosoma hayanisaidii kitu.

Syokau

*

Kawangware 56
19 Machi 2024

Mwaitu,

Barua niliipata. Urbanus alikuwa ameifunga kwenye nailoni kama nyama. Sisi tu wazima. Anko wako analia mgongo wiki nzima, halafu Jumapili kanisani anaruka kuliko vijana. Sare za shule zimejaa dukani na kila mzazi anataka yake kesho. Jirani yangu Sella amefungua saluni mlango wa pili, kwa hivyo siku hizi nashona nikisikiliza redio mbili.

Mimba si ugonjwa, lakini jitunze. Huyo Wakoli, baba yake mtoto, anasemaje? Watu wa Bungoma nao wana mambo yao. Usimvike mtoto wao vitu vya Masii, halafu waje kugombana nasi.

Sarafu nilizitoa mkebeni nikazitazama. Zimekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nyingine zimelika mpaka mfalme hana uso, simba hana kichwa. Nimeanza kuzisugua kwa majivu na limau. Kuna sonara mjini anayenunua fedha kuukuu na kuiyeyusha. Mimi nina wavulana watupu. Dada yangu Kathini, mama yako, alienda na yake. Mama naye ameenda na yake. Naona zimemaliza kazi.

Usibebe maji.

Anti yako Kaveke

*

Soweto West, Kibera
24 Machi 2024

Anti Kaveke,

Nilifurahi kuona umeandika Mwaitu. Umeniita mama yako tangu nizaliwe kwa sababu nina jina lake, na nilidhani baada ya mazishi hutaniita hivyo tena.

Maji anabeba Mutinda. Wanawake wa ploti wanamcheka, "Mutinda, kwani hiyo mimba ni yako?" Anawajibu, "Ndiyo, na nataka embe mbichi, na mniletee na chumvi." Mvua imeanza. Shimo la mbele ya mlango limerudi pale pale lilipokuwa mwaka jana.

Tafadhali usizisugue. Ule weusi ni ngozi ya fedha. Ukiuondoa unaondoa na kilichochorwa chini yake. Na usiziuze. Unasema una wavulana watupu, lakini nesi wa kliniki ameniambia wangu ni msichana. Nitamwita Kathini. Dada yako atakuwa anatambaa tena kwenye sakafu ya mtu, Anti, na wewe unatafuta sonara.

Kaburini nilikuuliza kwa kelele, watu wakisikia, na nilikosa adabu. Sasa nauliza polepole. Kwa nini hukuja kumwona Susu miaka yote ile? Alikuwa akikaa mlangoni anauliza, "Kaveke hajapita?" Kutoka 56 hadi hapa mtu anaweza kutembea kwa miguu.

Kuhusu Wakoli sina la kukuandikia.

Syokau

*

Soweto West, Kibera
29 Aprili 2024

Anti,

Hukunijibu, lakini si kitu. Amekuja leo alfajiri, kabla ya wakati wake. Ni mdogo sana na pumzi yake ni ya haraka. Nesi amekwisha kumwona, ametuambia tumweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na tumrudishe kila siku. Kila akifunuliwa anapiga chafya. Mutinda anamwambia, "Afya, mheshimiwa."

Najua siku ya nne ni Alhamisi. Mimi naomba sarafu leo. Sitaki kungoja. Mpe Urbanus, amekubali kunyeshewa.

Syokau

*

Kawangware 56
30 Aprili 2024

Mwaitu,

Urbanus amefika hapa akidondoka maji. Namrudisha na hii karatasi tu.

Kabla ya siku haivikwi. Ukimvika mapema unawaonyesha wale wengine kwamba una kitu cha kunyang'anywa. Wewe umesoma, utacheka. Cheka, lakini ngoja. Alhamisi asubuhi nitakuja mwenyewe nikiwa nayo. Nimemchagulia ile yenye simba anayeonekana mpaka mkia. Hiyo sikuisugua.

Mfunike kichwa.

Kaveke

*

Soweto West, Kibera
12 Mei 2024

Anti Kaveke,

Anko Geoffrey aliambiwa na Mutinda kwa simu siku ile ile, kwa hivyo unajua. Nitaandika tu, ili isionekane kwamba sikukuambia.

Alikufa Jumatano mchana. Nilikuwa nimemweka kifuani na nilidhani amelala. Mutinda alikuwa nje anafua nepi. Tulipotoka naye zilikuwa bado zinachuruzika maji kwenye kamba.

Alhamisi hukuja.

Tulimzika Ijumaa, Lang'ata, upande wanakolazwa watoto. Mtu mwenye daftari aliuliza jina. Nilifungua mdomo niseme Kathini, na Mama Mwikali, jirani yetu wa kutoka Mwala, akanikanyaga mguu. Akaniambia kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayekuambia gauni lako limefunguka nyuma, "Huyo hana jina, mwanangu. Hakufika." Mutinda akamgeukia: "Hakufika wapi, mama? Si alikuwa kwetu?" Lakini mimi nilikuwa nimeshafunga mdomo. Wakaandika Mtoto wa Syokau. Kuna kijiti kwenye udongo chenye maneno hayo.

Tangu siku hiyo sifundishi. Kila asubuhi navaa, nafunga viatu, halafu nakaa kitandani kwa Susu. Watu wanakuja kunipa pole nami nawajibu vizuri. Nasikia sauti yangu ikijibu vizuri.

Anti, alikuwa anapiga chafya. Alikuwa na namna yake ya kukunja uso kabla ya kupiga. Kitu ambacho si mtu hakina namna yake. Niletee ile uliyomchagulia. Nitakwenda nichimbe kwa mkono niiweke, na nitamtaja mwenyewe, hakuna wa kunikanyaga mguu. Sitakuomba kitu kingine maishani.

Syokau

*

Kawangware 56
2 Juni 2024

Syokau,

Pole. Mungu ndiye anayejua. Kwetu ni wazima. Isaac wangu amepelekwa Kitui kikazi.

Sarafu sitaleta. Anayekufa kabla ya siku ya nne havikwi, hapewi jina, haliliwi. Sikuyatunga mimi. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nikiwa nimekaa kitandani na maziwa yanatoka, na nikanyamaza. Wewe pia nyamaza. Utazaa mwingine, huyo atavikwa.

Rudi kazini.

Kaveke

*

Soweto West, Kibera
9 Juni 2024

Anti,

Maziwa gani?

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Isaac ndiye mkubwa wako, na hivyo ndivyo tulivyoambiwa siku zote. Nilimuuliza Mama Mwikali, kwa kuwa amekaa Nairobi hii muda mrefu na alimjua Susu. Alisema, "Mambo ya Kaveke muulize Kaveke," akaendelea kuchambua maharagwe. Kwa hivyo alikuwepo mtu kabla ya Isaac. Alikuwa msichana, sivyo? Uliomba sarafu, na Susu akakataa.

Sasa naelewa kwa nini hukupita mlangoni kwake. Naelewa na lingine ambalo sikutaka kulielewa. Ukinipa mimi leo, maana yake ni kwamba ilikuwa inawezekana. Maana yake ni kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono, akafungua mkebe, akakupa, na mbingu isingeanguka. Basi miaka hii yote wako amelala bila jina kwa sababu ya neno tu. Afadhali wangu naye alale hivyo hivyo, ili sheria ibaki sheria.

Sikulaumu. Ningekuwa wewe labda ningefanya hivyo. Natamani kukukasirikia na siwezi, kila nikianza nachoka njiani. Lakini bado naomba. Ninaomba nikijua ninachokuomba.

Alikuwa nani?

Syokau

*

Kawangware 56
25 Agosti 2024

Syokau,

Nimechelewa. Urbanus amekuwa akipita hapa ananiuliza, "Mama, posta inafungwa, hakuna kitu?" nami namwambia aende zake.

Nikwambie ya Alhamisi kwanza. Hapana, Jumatano. Nilikuwa nimeshapanga nguo ya kuvaa kesho yake na sarafu ilikuwa hapa kwenye sidiria, nimeifunga kwenye leso, ili ipate joto la mwili. Anko wako akaingia akasema ameambiwa na Mutinda. Niliitoa nikairudisha mkebeni. Mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe. Halafu nikaketi nikamaliza kola ya sare ya mtoto wa mtu.

Julai nilizibeba zote nikaenda kwa sonara. Nilikuwa nimezisugua zote, isipokuwa ile ya mtoto wako, mpaka zikang'aa kama sufuria za harusi. Akacheka. "Mama, nani alikuambia uzioshe? Anayekusanya za zamani hazitaki tena hizi." Akasugua moja kwenye jiwe lake jeusi, akatia dawa. Akasema rupia ni fedha kweli, lakini zile za simba shaba imezidi, ni za kuyeyusha tu. Halafu akauliza, "Hizi ni za nani?" Ni kawaida yao kuuliza, wasije wakanunua za wizi. Nikaanza kumwonyesha. Hii yangu. Hii ya Syokau wa dada yangu. Nikafika kwa zile zisizo na mwenyewe na mdomo ukakataa. Alidhani nimeugua, akaniletea kiti. Nikarudi nazo.

Alikuwa msichana. Alikaa siku mbili. Ilikuwa hapa hapa Kawangware, chumba cha nyuma, kabla ya kuhamia 56. Mama alikuja kunizalisha. Mtoto alipotulia nilimwambia, mvike, mama, mvike tu. Akaniambia, "Kaveke, huvikwa mtu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana sikuweza kumsamehe. Angesema kwa ubaya ningesahau.

Na sasa anayeniomba ana jina la aliyeninyima. Kila nikiandika Mwaitu naandika kwake. Nimejaribu. Nimeishika ile sarafu nikasema nitampa Urbanus, na vidole havikufunguka. Siwezi kukupa. Usiniombe tena kwa maana siwezi.

Jumapili ya tarehe moja tunaenda Kikuyu kwa mkutano wa kanisa, tutarudi jioni. Ufunguo nitamwachia Sella wa saluni. Mkebe uko chini ya meza ya cherehani, nyuma ya gunia la vitambaa. Nikirudi sitahesabu.

Kaveke

*

Soweto West, Kibera
8 Septemba 2024

Anti Kaveke,

Mutinda anakusalimu. Wiki hii amepandishwa, sasa anachanganya kokoto badala ya kubeba mawe, na anatembea kama mkandarasi.

Nilikuja. Sella alinitazama tumbo kwanza, kisha uso, akanipa ufunguo, na akapunguza redio. Nilikaa kwenye kiti chako. Nilizimwaga zote kwenye kitambaa cheupe. Umezisugua kweli, nyingine zimekuwa vipande laini tu vyenye tundu, huwezi kujua zamani zilikuwa pesa za nani.

Ile yenye simba niliipeleka Lang'ata siku ile ile. Kijiti kimeanza kuoza, herufi zimeingia maji. Nilichimba kwa mkono mpaka kiwiko. Nilimtaja. Nilisema Kathini, kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia kaburi la pili akaitika "Ee" kama anayesaidia kumwita mtoto aliyepotea. Nilidhani nitalia, au nitapumua. Haikuwa hivyo. Nilirudi nyumbani nimechafuka kucha, nikapika ugali, tukala. Hakuna kilichofunguka, Anti. Ningekudanganya nikisema kuna kilichofunguka. Jina lake liko chini ya udongo pamoja naye, na juu ni kama jana.

Lakini ana jina.

Nilichukua mbili. Ya pili ni rupia, iko hapa mezani. Ni ya binti yako. Huwezi kuitoa, nami si wewe, kwa hivyo nimeitoa. Niambie alizikwa wapi. Nitakwenda peke yangu kama hutaki kuja. Na niambie jina, kama ulikuwa nalo moyoni.

Syokau

*

Kawangware 56
22 Septemba 2024

Mwaitu,

Sisi wazima. Mgongo wa anko wako ni ule ule.

Jina nililokuwa nalo ni lako. Wewe hukuwa umezaliwa. Alikuwa aitwe Syokau, jina la mama, na nilipanga nimwambie siku ya nne ili afurahi. Baadaye Kathini akakuzaa wewe, akalitumia, na hakujua. Sikumwambia.

Alizikwa wapi sijui. Wakati ule hatukwenda Lang'ata, hatukuandikwa popote. Mama alimfunga kwenye leso yake ya buluu, akatoka naye kabla majirani hawajaamka. Mimi nilikuwa kitandani, miguu haisimami. Alirudi jua limepanda, viatu vina udongo mwekundu, na leso ameikunja mkononi, tupu. Sikumuuliza. Aliiweka kwenye karai, nami nilipopata nguvu nikaifua. Kila mwaka nilisema nitamuuliza, na kila mwaka nikashindwa kwenda mlangoni kwake, kwa sababu ningefika angeniambia, na ningelazimika kwenda kuona. Sasa amekufa, na ni yeye peke yake aliyejua.

Huko kote tulikokaa siku hizi kumejengwa.

Hiyo rupia usinirudishie. Kaa nayo wewe. Ikiwa kwangu nitaanza kumtafuta.

Kaveke